Visanduku vya Kwenye Dari la Hospitali

Ndugu zangu wakisikia kwamba mimi ni muuguzi huku Uingereza, huniuliza habari za sindano, zamu za usiku na mshahara. Sijawahi kuulizwa habari za nyaya. Lakini wodini kwetu nyaya ndizo zinazobeba karibu kila kitu: majibu ya damu kutoka maabara, picha za eksirei, orodha ya dawa, hata mapigo ya moyo ya mgonjwa aliye chumba cha mwisho. Visanduku vyeupe vya waifai vimebandikwa darini, na tunapita chini yake siku nzima bila kuviangalia.

Nilipokuwa nasoma stashahada Tanga, faili la mgonjwa lilikuwa la karatasi. Lingeweza kulowa chai, lakini halikuweza kuzimika. Huku faili linaweza kuzimika, na ndiyo maana nimekuwa nikiwauliza mafundi wa mtandao maswali na kusoma ripoti zilizotolewa kwa umma. Nawaandikia wazazi wenye ruta sebuleni, na vijana wetu wanaosomea kompyuta wakidhani kazi zake ziko benki tu.

Vifaa vyenyewe si vingi. Swichi huunganisha kompyuta za jengo moja. Ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine, na huchagua njia ya kupita. Ukuta-moto hukaa mlangoni ukikagua kinachoingia na kinachotoka. Vyote hivi huongozwa na itifaki, yaani makubaliano ya nani aanze kusema, ajibiwe vipi, na ujumbe ukipotea nani aurudie. Itifaki ya TCP, inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya intaneti, huvipa vifurushi vya data namba. Kilichofika hukiriwa kwamba kimefika, kisichokiriwa hutumwa tena. Sisi wauguzi tunafanya vivyo hivyo maabara wakitusomea jibu kwa simu. Wanasema potasiamu 6.8, narudia 6.8, ndipo wanaandika kwamba nimepokea.

Mwezi Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ilikaa takriban siku nne mtandao wake ukianguka na kuinuka. Hapakuwa na mdukuzi. Tatizo lilitokana na kitu ambacho kwa kawaida ni kinga: njia ya pili.

Fundi mwangalifu hapendi kuunganisha swichi mbili kwa waya mmoja, maana panya akiutafuna kazi imekwisha. Huweka nyaya mbili. Lakini kuna ujumbe unaotangazwa kwa wote, na swichi ikiupokea huurusha kwenye matundu yake mengine yote. Pakiwa na njia mbili, tangazo hilo huenda kwa waya huu, hurudi kwa ule, huenda tena, na hakuna wa kulifuta. Muda si mrefu mtandao mzima umejaa tangazo lile lile. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment, alibuni itifaki ya kuzuia hilo, inayojulikana kwa herufi STP. Swichi huzungumza zenyewe, huchagua moja iwe mzizi, kisha hufunga njia za ziada na kuziacha zipumzike. Waya mkuu ukikatika, uliopumzika hufunguliwa.

Mtandao wa Boston ulikuwa umekua mwaka baada ya mwaka, swichi ikifungwa mgongoni mwa swichi, mpaka msururu ukapita saba, ambao ndio urefu uliokusudiwa na itifaki hiyo. Siku ulipolemewa na data nyingi, swichi hazikusikilizana tena, na mzunguko ukaanza. Wahudumu walirudi kwenye karatasi, na majibu ya maabara yakabebwa kwa miguu. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, alieleza hadharani yaliyotokea badala ya kuyafukia. Mimi namheshimu kwa hilo, kwa sababu kazini kwetu pia kosa lisilosimuliwa hurudi.

Nimeonja kidogo hali hiyo. Usiku mmoja mtandao wa hospitali niliyokuwa nafanya kazi ulikatika kwa saa kadhaa. Simu za mezani nazo zilinyamaza, maana siku hizi simu hupita kwenye mtandao ule ule. Ilibaki moja nyekundu yenye waya wake wa zamani, ambayo wageni hudhani ni pambo. Tulitoa sanduku la fomu za karatasi, na nikaona wenzangu vijana wakikodoa macho kwenye chati ya dawa kama wanaosoma barua ya babu. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa akisubiri jibu la potasiamu. Ikipanda sana moyo unaweza kusimama, na kwa macho huwezi kuiona. Jibu lililetwa na mbeba mizigo aliyekuja mbio kutoka maabara. Lilikuwa la kawaida, na nilipumua.

Upande wa usalama, karibu kila aliyekuwa kazini NHS wakati ule anaikumbuka Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta na kudai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Haikuhitaji mtu abonyeze kitu. Ilitumia udhaifu katika toleo la zamani la itifaki ya kugawana mafaili kwenye Windows, ikibisha hodi mlango namba 445 wa kompyuta moja hadi nyingine. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla.

Kwa hesabu za wakaguzi wa serikali, angalau taasisi 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za NHS nchini England ziliguswa, pamoja na vituo 595 vya madaktari wa familia. Miadi iliyofutwa ilikadiriwa kufika 19,000. Katika maeneo matano magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine. Linalonisumbua zaidi ni kwamba kati ya hizo 80, zilizoambukizwa zilikuwa 34. Nyingine 46 zilivurugika bila kuambukizwa, baadhi kwa kuzima mifumo yao kama tahadhari. Virusi ilisimama pale kijana mtafiti, Marcus Hutchins, alipoona kwamba kabla ya kufanya kazi huuliza anwani fulani ya intaneti isiyokuwepo. Aliisajili anwani hiyo, nayo ilipoanza kujibu, virusi ikanyamaza.

Wakaguzi walisema taasisi zote zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyotiwa kiraka au iliyopitwa na wakati, na kwamba kusimamia vizuri ukuta-moto unaoelekea intaneti kungezikinga hata bila kiraka. Sisi tunakijua kitu hicho kwa jina la chumba cha kutenga. Mgonjwa wa kifua kikuu halazwi katikati ya wodi. Swichi nazo zinaweza kugawanywa kwa ndani, kana kwamba kisanduku kimoja ni visanduku vitano: pampu za dawa peke yake, kompyuta za wafanyakazi peke yake, waifai ya wagonjwa peke yake. Simu ya mgeni yenye virusi ikiingia, haioni pampu.

Na njia ya pili? Wengi wetu tunaopiga simu Dar au Mombasa tulilionja jambo hili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika siku moja, upande wa kusini mwa Msumbiji. Ruta kubwa za intaneti hutangaziana njia kwa itifaki ya BGP, hivyo mawasiliano yaligeuzwa kupitia nyaya nyingine, lakini njia zilizobaki zikawa nyembamba na Tanzania ikaumia sana. Nyaya mbili zinazolala bahari moja si njia mbili kamili.

Nyumbani mambo ni madogo lakini ni yale yale. Ruta yako ni kompyuta, nayo huhitaji viraka. Ingia kwenye mipangilio yake uwashe masasisho ya moja kwa moja. Ikiwa imezeeka hadi mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho, ibadilishe hata kama bado inawaka taa. Ruta nyingi zina waifai ya wageni: wape hiyo wageni, na pia runinga, kamera ya mlangoni na midoli ya watoto inayozungumza, ili visikae chumba kimoja na simu unayotumia kutuma hela nyumbani. Nenosiri la waifai ya wageni libandike kwenye friji, maana shangazi akija ataliuliza kabla hajavua viatu. Lile la kuingilia ruta yenyewe ni jingine kabisa. Badilisha lililokuja nalo, uliandike kwenye daftari na kulifungia pamoja na pasipoti.