Uking'atwa na Panya: Osha Sasa, Kumbuka kwa Wiki Tatu

Panya akikung'ata, mwache akimbie; wewe kimbilia maji na sabuni. Ukianza kumsaka uvunguni unapoteza dakika zenye thamani kuliko zote, na ukimkamata kwa mikono mitupu unajitafutia jeraha la pili. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Pasipo na bomba, mtu akumiminie maji safi kwa kopo. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha. Meno ya panya ni membamba lakini huzama, hivyo tundu huonekana dogo wakati vijidudu vimeshafika chini ya ngozi. Ndiyo maana kusuuza mara moja hakutoshi. Damu ikichuruzika sana, gandamiza kwa kitambaa safi. Kisha paka ayodini kama unayo, na ufunike kidonda.

Usinyonye jeraha, wala usilipake majivu, mafuta ya taa au dawa ya meno. Kinyesi cha ng'ombe ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa vimelea vya pepopunda huishi katika udongo na samadi.

Siku hiyohiyo nenda zahanati au kituo cha afya, hata kama maumivu yametulia. Mhudumu atataka kujua ulichanjwa lini dhidi ya pepopunda. Kwa jeraha la namna hii, ikiwa imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, au hukumbuki, utachomwa nyingine. Wanawake wengi hupata chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajaigusa tangu utotoni, kwa hiyo akina baba wasilipuuze swali hili. Jeraha likiwa la kina, au likiwa usoni, mkononi au karibu na kiungo, au mgonjwa akiwa mwenye kinga dhaifu, daktari anaweza kuandika dawa ya kuua bakteria. Mwachie yeye uamuzi huo. Vidonge viwili vitatu vya kubahatisha kutoka duka la dawa havitibu.

Wengi hufika wakiwa na hofu ya kichaa cha mbwa. Hapa nina habari njema: panya na wanyama wadogo wa jamii yake, kama kindi, ni nadra mno kukutwa na virusi hivyo, na haijulikani kuwa wamewahi kumwambukiza binadamu. Mbwa ndio chanzo cha karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa hicho. Lakini kama gizani hukumwona mnyama vizuri, na huenda alikuwa paka, nguchiro au popo, sema hivyo kituoni, maana hapo chanjo haisubiri.

Ugonjwa wa kuuwazia ni homa ya kung'atwa na panya. Huletwa na bakteria wanaoishi kinywani mwa panya ambaye mwenyewe haonekani kuumwa. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya 3 na ya 10 baada ya kung'atwa, na aina yake nyingine huchelewa hadi wiki 3. Mtu hushikwa na homa ya ghafla na baridi kali; kichwa, misuli na viungo vinamuuma, anatapika, kisha upele unatokea mikononi na miguuni. Mara nyingi kidonda kimeshafunga wakati huo, na mgonjwa amekisahau. Isipotibiwa, homa hii inaweza kushambulia moyo, na huua takriban mtu 1 kati ya 10. Ikigundulika mapema, penisilini huimaliza.

Tatizo ni kwamba kwetu kila homa huanza kudhaniwa malaria. Kipimo kikionyesha huna, unaweza kurudishwa nyumbani na dawa za kutuliza maumivu. Daktari hawezi kuhisi jambo ambalo hukumwambia. Andika tarehe uliyong'atwa, na ukipata homa ndani ya wiki 3, hili liwe neno lako la kwanza: "Niling'atwa na panya." Mweleze pia kama uligusa mkojo wa panya au maji machafu, kwa kuwa hiyo ndiyo njia kuu ya homa ya mgunda, ugonjwa mwingine unaoenezwa na panya, ulioua watu 3 wilayani Ruangwa, Lindi, mwaka 2022.

Watoto wachanga na wagonjwa wa kisukari ndio wanaohitaji ulinzi zaidi usiku. Mwoshe mtoto mikono na midomo iliyobaki na maziwa, chomeka chandarua vizuri chini ya godoro, ziba matundu ya ukutani na usilaze mabaki ya chakula chumbani.

Wazee wetu husema panya hung'ata huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala hasikii. Ukweli ni kwamba jino la panya linauma. Asiyelisikia huenda miguu yake ina ganzi: kisukari cha muda mrefu kinaweza kuua mishipa ya fahamu ya miguu, na mgonjwa huamka asubuhi akakuta kidole kimetafunwa bila yeye kushtuka. Madaktari wa Dar es Salaam wamewatibu wagonjwa wa namna hiyo, na kidonda kilichochelewa kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Kwa hiyo mtu mzima aking'atwa mguuni na asiamke, kidonda kisafishwe, achanjwe, na kabla hajaondoka kituoni apimwe sukari.