Kabla ya Kumwajiri Yaya

Wazazi wanaotafuta yaya huuliza mambo ya msingi: je, ni mvumilivu, ni msafi, amewahi kulea mtoto mchanga, ni nani anayemfahamu? Ni vema pia kumwona akiwa na mtoto kwa siku kadhaa kabla ya kumwachia nyumba. Swali la umri, hata hivyo, hupitwa upesi mno. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomzuia kusoma. Kulea usiku na mchana, kupika na kufua si kazi nyepesi, hata tukisema kwamba “tunamsaidia” binti wa ndugu yetu wa kijijini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila juma. Amri ya Sabato (Kumb 5:14) nayo inawataja waziwazi mtumwa na mjakazi, ili wapumzike kama bwana wao. Familia inapokuja Misa ya Dominika, mara nyingi yaya hubaki jikoni. Tunawasihi wazazi wapatane naye tangu mwanzo, kwa maandishi, juu ya mshahara, siku ya mapumziko na saa ya kwenda kusali, hata kama si Mkatoliki.