Bahari Isiyo na Mwenyewe

Kila mtoto wa shule ameona katika ramani kwamba mwisho wa dunia upande wa kusini ni nchi ya barafu, nayo yaitwa Antaktika. Huko hakuna kijiji, wala shamba, wala mfalme. Wakaaji wake ni wataalamu wachache tu, waliokwenda kuchunguza hewa, barafu na wanyama. Walakini bahari inayoizunguka nchi hiyo imejaa viumbe: nyangumi, sili wenye manyoya, na pengwini, ndio ndege wasioweza kuruka bali huogelea kama samaki. Je, bahari isiyo na mwenyewe yachungwa na nani? Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza leo, maana watu walifanya makosa mengi kabla ya kupata jibu, na hata sasa jibu lenyewe limo hatarini.

Mchovya asali hachovyi mara moja

Mwaka wa 1775 nahodha Mwingereza James Cook alifika katika kisiwa cha Georgia ya Kusini, akaandika kwamba sili ni wengi huko. Habari zikaenea, wawindaji wakafuata. Sili ni mwepesi majini, lakini nchi kavu ni mzito, naye aliuawa kwa rungu tu ili achunwe ngozi. Nahodha James Weddell alikadiria kwamba, kufika mwaka wa 1825, ngozi zilizotolewa katika kisiwa hicho kimoja hazikupungua 1,200,000. Sili wakawa karibu kwisha.

Kisha ikaja zamu ya nyangumi. Mwaka wa 1904 Mnorwe Carl Anton Larsen alijenga kituo cha Grytviken, kisiwani humo humo. Mafuta ya nyangumi yalitakiwa sana Ulaya kwa kutengeneza sabuni na siagi ya kubuni. Katika muda wa miaka 60 hivi nyangumi wapatao 175,000 walikatwa katika vituo vya Georgia ya Kusini peke yake. Nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kupita wote duniani, aliuawa zaidi ya mara 300,000 katika bahari za kusini. Mwishowe vituo vilifungwa, wala si kwa huruma, bali kwa sababu nyangumi hawakupatikana tena wa kutosha.

Baada ya nyangumi, samaki. Katika msimu wa 1969 hata 1970 meli za Urusi ya Kisovieti zilivua kando ya kisiwa hicho karibu tani 400,000 za samaki mmoja mwenye madoadoa. Miaka miwili haikupita, na samaki huyo akawa haba. Yeye hukua polepole katika maji ya baridi, na hasara ya misimu miwili haizibwi kwa misimu miwili.

Kuwahesabia wengine chakula chao

Tarehe 1 Desemba 1959 mataifa 12 yalitia sahihi mapatano huko Washington, kwamba Antaktika itumiwe kwa amani tu. Ubelgiji, iliyokuwa bado ikitawala Kongo, ilikuwa mojawapo ya mataifa hayo. Lakini mapatano hayo hayakupanga mambo ya uvuvi. Kwa hiyo mwaka wa 1980 yakafanywa mapatano mengine katika mji wa Canberra, Australia, nayo yakaanza kutumika mwaka wa 1982. Halmashauri inayoyasimamia ina makao yake Hobart, katika kisiwa cha Tasmania.

Tuangalie neno jipya lililomo ndani yake. Zamani wataalamu wa uvuvi waliuliza hivi: Tuvue samaki wangapi, ili wabaki wa kuvuliwa mwakani? Mapatano haya yanauliza zaidi: Je, wale wanaokula samaki hao watapata nini? Tena yanakataza uvuvi wenye kuleta madhara yasiyoweza kutengenezeka katika muda wa miaka 20 au 30. Maana yake, mvuvi si mlaji wa pekee mezani. Yampasa kuwahesabia nyangumi, pengwini na sili chakula chao kwanza.

Sheria yaweza kufaa

Wengine husema kwamba sheria za baharini ni maandishi tu. Mfano mmoja unawakanusha. Kando ya Georgia ya Kusini wavuvi humvua samaki mkubwa wa vilindini kwa mishipi mirefu yenye ndoana maelfu. Ndege waitwao albatrosi, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupata meta 3, waliruka juu ya chambo, wakanaswa, wakazamishwa. Mwaka wa 1997 ndege zaidi ya 5,000 walikufa hivyo, na albatrosi hutaga yai moja tu.

Halmashauri ikaamuru: mishipi itupwe usiku, ifungwe uzito ili izame upesi, kamba zenye vitambaa vya kutisha ndege zining'inizwe nyuma ya meli, na uvuvi usifanywe wakati ndege wanapolea makinda. Tena kila meli ichukue mwangalizi. Katika miaka michache tu ndege waliokufa huko walipungua hata wakahesabika kwa makumi.

Wezi nao hawakukosekana. Mwisho wa mwaka 2014 meli moja ya magendo, Thunder, ilikutwa katika bahari hiyo ya kusini, ikafuatwa siku 110 na watu waliojitolea kulinda viumbe vya bahari. Mwezi wa Aprili 2015 ilizama karibu na São Tomé, katika Ghuba ya Gine. Mabaharia wake waliokolewa na wale wale waliokuwa wakiwafuata, na baraza la hukumu la São Tomé likamhukumu nahodha.

Krili na hesabu yake

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito leo. Riziki ya bahari ile karibu yote yasimama juu ya kiumbe mmoja aitwaye krili. Ni mfano wa kamba mdogo, urefu wake sentimeta 6, si mkubwa kuliko ndagala wa Tanganyika. Hula mimea midogo sana ya maji, na watoto wake hujilisha chini ya barafu ya bahari. Nyangumi, sili, pengwini na samaki wengi huishi kwa krili. Watu nao humvua, hasa Wanorwe na Wachina, kwa chakula cha samaki wanaofugwa na kwa mafuta ya dawa.

Sheria inataka kati ya sehemu 4 za krili zibaki 3, ingawa kwa samaki wengine yatosha kubakiza nusu. Upande wa Atlantiki mpaka uliowekwa ni tani 620,000 kwa msimu, nazo ziligawanywa mahali mbalimbali, meli zisije zikasongamana penye pengwini na nyangumi. Mwaka wa 2024 wanachama hawakukubaliana kuendeleza ugawaji huo. Msimu uliofuata, mwaka wa 2025, meli zilifikia mpaka wote kwa mara ya kwanza, na uvuvi ukafungwa kabla ya msimu kwisha. Na wakati huo huo barafu inapungua; mwaka wa 2023 ilikuwa haba kuliko miaka yote iliyopimwa.

Ugumu ni huu: katika halmashauri hiyo neno halipiti mpaka wote wakubali. Mmoja akikataa, limekwama. Lakini kwa njia hiyo hiyo, mwaka wa 2016, wote walikubali kuhifadhi Bahari ya Ross, kilometa za mraba 1,550,000, yaani kama theluthi mbili za Kongo nzima. Neno lililokubaliwa na wote halina wa kulibeza.

Baadaye sili walijaa tena pwani za Georgia ya Kusini, na mwaka wa 2020 nyangumi wa buluu walionekana huko kwa wingi usiotazamiwa. Wamerudi wakiwa na njaa. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ya bahari ile ipo, na hesabu zimeandikwa; linalobaki ni wenye meli kukubali kuzifuata, kabla krili hajafuata njia ya wale waliomtangulia.