Breki ya mkimbiaji wa Mtae iko kichwani

MTAE imekaa ukingoni kabisa mwa Milima ya Usambara. Barabara inayotoka Lushoto, ukishapita Magamba na Lukozi, inakupandisha hadi kwenye mgongo wa mlima, na mbele ya nyumba za mwisho hakuna tena kitu ila genge. Chini, mamia ya mita, tambarare za Mkomazi zinawaka jua. Anga ikiwa safi unauona Kilimanjaro. Siku nyingine ukungu unafunika kila kitu na watoto wanakwenda shule wamevaa sweta.

Kwa mwalimu wa michezo hiyo ni hazina. Mtoto wa huku anapanda na kushuka vilima tangu alipoanza kutembea, iwe ni kuchota maji, kwenda kwenye shamba la kabichi au kuwahi kengele ya shule. Ukimwona anavyopanda mwinuko bila kuhema, unasema moja kwa moja: huyu akiletwa uwanja wa tambarare, atapaa.

Basi analetwa. Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA ukifika, gari linashuka Soni, linashuka Mombo, na safari inaendelea Korogwe au Tanga. Anayefuzu ngazi ya taifa anaweza kujikuta hadi Mtwara, ambako mashindano hayo yamewahi kufanyika. Pale Mombo tu, gari likisimama, hewa inayoingia dirishani ni kama ya mtu aliyefunua sufuria jikoni.

Kesho yake filimbi inapigwa. Mizunguko miwili kijana wa mlimani yuko mbele. Wa tatu hatua zinafupika, mabega yanapanda, wenzake wanampita mmoja mmoja. Amekata moto. Pembeni kuna mtu mzima anapiga kelele: “Kaza wewe! Uvivu huo!”

Huyo anayepiga kelele mara nyingi ndiye asiyejua kinachoendelea. Kijana hajawa mvivu, na miguu yake haijaisha. Kuna kitu ndani ya kichwa chake kimekanyaga breki, tena kwa sababu nzuri.

KUKU ANAJUA KUKIMBIA BILA KICHWA

Kila aliyewahi kuchinja kuku ameona maajabu haya: kichwa kimeshatoka, lakini kiwiliwili kinachomoka mbio kuzunguka uwanja. Si uchawi. Mpangilio wa hatua, mguu huu mbele na ule nyuma, haukai kichwani pekee. Umehifadhiwa kwenye makundi ya seli za neva ndani ya uti wa mgongo, yanayopokezana zamu: kundi moja likikunja mguu, jingine linatulia, kisha wanabadilishana. Mtafiti Thomas Graham Brown wa Uingereza alilionyesha hilo kwa paka mwaka 1911. Binadamu naye ana mtandao wa namna hiyo, ingawa kwake ubongo unashika usukani zaidi kuliko kwa kuku.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86. Zinaongea kwa umeme na kemikali, na waya zake za kasi zaidi zinasafirisha ujumbe zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja. Usain Bolt, siku aliyoweka rekodi ya sekunde 9.58 pale Berlin mwaka 2009, hata kwenye kasi yake ya juu kabisa hakufika mita 13 kwa sekunde.

Kwa hiyo ukimwona mtu anakimbia, uti wa mgongo unapiga hatua, na ubongo unaamua mambo mengine yote: aanze lini, aende kwa kasi gani, na zaidi ya yote, apunguze lini.

BOSI MDOGO KULIKO WOTE

Anayeshughulika na joto la mwili anakaa chini ya ubongo, katikati, sehemu inayoitwa haipothalamasi. Ni kidogo sana, ukubwa wake unakaribia punje ya lozi. Humo mna seli za neva zinazopokea taarifa kutoka kwenye ngozi, na nyingine zinazopima joto la damu inayopita hapo hapo. Damu ikipanda juu ya nyuzi 37 hivi, amri zinatoka: mishipa ya ngozi ifunguke, jasho litoke.

Kazi hiyo si ndogo. Katika kila mafungu manne ya nguvu anayotumia mkimbiaji, karibu matatu hayamsukumi mbele hata kidogo, yanageuka joto. Mwili wa mtu anayekimbia ni jiko. Pale Mtae upepo wa baridi unalipoza jiko hilo bure. Bondeni, kwenye nyuzi zaidi ya 30 na unyevu wa pwani, jasho linatiririka tu badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi kitu.

Hapo ndipo penye mgogoro. Damu ni ileile. Misuli inaitaka ili ikimbie, ngozi inaitaka ili ipoe, na moyo hauwezi kuwaridhisha wote wawili. Haipothalamasi ikiona hesabu hazifungi, haina jinsi nyingine ila kugusa tabia: mtu ajisikie vibaya, apunguze mwendo, atafute kivuli. Ile hali ya “sijisikii kuendelea” ni amri ya mwili kama jasho lilivyo amri.

Jambo linaloshangaza ni kwamba breki hiyo inakanyagwa mapema. Mwaka 2004 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, waliwapandisha waendesha baiskeli kwenye mbio za kilomita 20, mara moja kwenye nyuzi 15 na mara nyingine kwenye nyuzi 35. Kwenye joto kali walipunguza nguvu kabla joto la ndani ya mwili halijafika pabaya. Vipimo vilivyobandikwa kwenye mapaja vilionyesha kwamba ubongo ulikuwa umeanza kuita misuli michache. Yaani ulipiga hesabu ya safari nzima, ukaona mbele kuna hatari, ukabana matumizi.

Kuna jaribio jingine la Uingereza, la mwaka 2012, ambalo ni karibu na mzaha. Waendesha baiskeli waliwekwa kwenye chumba cha nyuzi 31.6, lakini kipimajoto walichoonyeshwa kilidanganya kuwa ni nyuzi 26. Wakakimbiza baiskeli vizuri karibu sawa na siku ya ubaridi. Joto lilikuwa lilelile, kilichobadilika ni taarifa iliyofika kichwani.

Tim Noakes, profesa wa hapo hapo Cape Town, alijenga juu ya mambo haya nadharia kwamba ubongo ndio gavana wa uchovu wote. Wenzake wengi hawakubaliani naye moja kwa moja. Wanasema misuli na moyo navyo vina ukomo wake, na wana hoja. Lakini kwamba ubongo una sauti katika kupunguza mwendo, hilo leo si la kubishaniwa sana.

AKIBA YA SIMBU, GOTI LA AKHWARI

Watanzania wana ushahidi wao. Tokyo, Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliingia uwanjani baada ya kilomita 42 akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Kwa hesabu ya kawaida miguu ya watu wale ilikuwa imekwisha. Simbu akachomoa mbio za kasi, akainamisha kifua kwenye mstari, na picha ikaamua: wote saa 2:09:48, Mtanzania mbele kwa sekunde 0.03. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kama misuli ingekuwa imemalizika kweli, ile kasi ya mwisho ingetoka wapi? Ilikuwepo. Ilikuwa imefungiwa kabatini, na kichwa kilipouona mwisho kikatoa ufunguo.

Na yupo mzee John Stephen Akhwari, Mexico City mwaka 1968, kwenye mji ulio mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea. Walianza 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye alikuwa wa 57, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Ubongo una njia za neva zinazoshuka kwenye uti wa mgongo na kuzima sehemu ya maumivu kabla hayajapanda juu. Bila hizo mtu hatembei na goti lile.

Simulizi ya Akhwari hupendwa kusimuliwa kwa watoto kambini, na inastahili. Tatizo ni pale inapogeuzwa kuwa kanuni, kwamba breki ni ya kuvunjwa kila siku. Maumivu ya goti na joto la mwili ni vitu viwili tofauti. Goti likiumia utachechemea. Joto likipita kiasi, kinachopikwa ni ubongo wenyewe, yule yule aliyekuwa akikuonya.

Mwaka 1954 mjini Vancouver, Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiongoza marathoni kwa dakika kama 17, siku ya jua kali. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, akayumba kama mlevi kwa dakika 11 bila kufika mwisho. Alipona, lakini hakushindana tena. Mwenzake Tom Simpson hakupata bahati hiyo. Julai 13, 1967, kwenye mbio za baiskeli za Ufaransa, alikufa akipanda mlima Ventoux kwenye joto, mwilini mwake mkiwa na amfetamini, dawa inayoziba masikio ya ubongo usisikie onyo.

ALAMA ZA KUANGALIA

Mwalimu aliye pembeni ya uwanja hahitaji maabara. Mwanariadha aliyechoka tu anajua jina lake, anajua amebakiza mizunguko mingapi. Aliyepatwa na kiharusi cha joto anayumba, anajibu yasiyoulizwa, anaweza hata kuwa mkali au kupotea njia kwenye uwanja wa mviringo. Joto la ndani hapo huwa limepita nyuzi 40. Wengine husubiri jasho likauke ndipo waamini. Ni kosa, kwani mkimbiaji anaweza kuzimika huku bado ametota.

Hapo gari la hospitali liitwe, lakini kupoza kuanze papo hapo, lisisubiriwe. Azamishwe mwili kwenye maji ya baridi sana, kichwa kikiwa kimeshikwa juu. Pasipo na pipa au beseni kubwa, amwagiwe maji mfululizo huku akipepewa. Akiwa amechanganyikiwa asinyweshwe kitu. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua mengi, na viwanja vyetu vingi vina filimbi, vina kipaza sauti, pipa la maji ya baridi hakuna.

SIKU 14, AU PIPA LA MAJI YA MOTO

Habari njema ni kwamba breki inaweza kufundishwa. Mwili ukikaa kwenye joto na kufanya mazoezi humo kwa siku 10 hadi 14, damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na linatoka jingi lenye chumvi kidogo. Mabadiliko yanafika hadi kwenye neva. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliwaweka panya kwenye joto kwa siku kadhaa, wakaona seli fulani za haipothalamasi zinabadilika: zikaanza kufanya kazi wakati wote bila kusubiri joto lizichokoze, na panya wakawa wastahimilivu. Walipozizima seli hizo, ustahimilivu ukaondoka.

Kwa hiyo timu ya mlimani inayofika bondeni jioni na kukimbia asubuhi inaingia uwanjani na ubongo uliopangwa kwa ajili ya ukungu. Kuileta wiki mbili kabla kungesaidia, lakini wiki mbili ni chakula, malazi na masomo, na bajeti za michezo shuleni kila mtu anazijua.

Ipo njia ya bei nafuu zaidi. Chuo Kikuu cha Bangor, Uingereza, kiliwakimbiza wanaume kwa dakika 40 kwenye hali ya kawaida, kisha wakawaweka kwenye maji ya nyuzi 40 hadi shingoni kwa muda unaofika dakika 40. Hivyo kwa siku sita mfululizo. Walipopimwa kwenye joto la nyuzi 33, muda wao wa kilomita 5 ulikuwa umepungua kwa asilimia 4.9. Kwa anayetumia dakika 20, hiyo ni karibu dakika nzima.

Wale walikuwa watu wazima, chini ya uangalizi, na walitolewa majini kila waliposhindwa kuvumilia. Kijana wa shule hawezi kuachiwa afanye peke yake; mtu akitoka kwenye maji ya moto ghafla anaweza kupata kizunguzungu akaanguka. Mtae kuni zipo, na maji ya moto jioni baada ya mazoezi si kitu kigeni. Vinavyotakiwa kuongezwa ni pipa la kumtosha mtu, kipimajoto, na mwalimu wa kukaa pembeni na saa mkononi.