Mgonjwa wa Kifua Kikuu Arudipo Nyumbani

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwuguzi ni kutoa dawa, kupima joto la mwili na kusafisha vidonda. Hiyo ni kazi yake kweli, lakini iko nyingine isiyoonekana upesi, nayo ni kumtayarisha mgonjwa arudi kwake salama. Umuhimu wake waonekana hasa katika ugonjwa wa kifua kikuu, maana sehemu kubwa ya matibabu yake hufanyika nyumbani.

Zamani mgonjwa wa namna hiyo alitengwa na jamaa zake kwa miezi mingi. Lakini uchunguzi uliofanywa katika mji wa Madras, nchi ya India, ukatangazwa mwaka 1959, ulionyesha kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, wala jamaa zao hawakuambukizwa zaidi. Tena katika miaka ya 1970, waganga wa Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza walionyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, miezi 6 yatosha, ambapo kwanza ilihitajiwa miezi 12 au zaidi.

Kwa kawaida mgonjwa humeza dawa za aina 4 kwa miezi 2, kisha za aina 2 kwa miezi 4. Idadi ya vidonge hufuata uzito wake. Hatari huja pale ambapo hali imekuwa njema. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, jasho la usiku hukoma, na chakula huwa kitamu tena. Mgonjwa hujiona amepona, kumbe baadhi ya vijidudu vingali hai mapafuni. Akiacha dawa, vyaweza kuongezeka na kuwa sugu, hata dawa zile zisivishinde tena. Hapo matibabu huwa magumu zaidi, na atakaowaambukiza huenda wakapata ugonjwa huo huo sugu.

Kwa sababu hiyo mwuguzi mwenye busara hukaa na mgonjwa pamoja na mmoja wa jamaa zake kabla hawajaondoka. Hatosheki na kuuliza, “Umefahamu?” maana wengi hujibu, “Ndiyo, sista,” kwa heshima tu. Humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe: vidonge vingapi, saa ngapi, na mpaka mwezi gani. Akikosea haaibishwi, bali huelezwa tena mpaka maneno yamkae.

Huambiwa pia kwamba mkojo wake utakuwa na rangi ya machungwa au nyekundu. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu, wala si sababu ya kuacha kumeza. Lakini macho yakigeuka manjano, akitapika mara kwa mara, au macho yakipungukiwa na nguvu ya kuona, na aende hospitali upesi bila kungoja siku aliyopangiwa. Na pombe aiache, kwa kuwa pamoja na dawa hizo yaweza kudhuru ini.

Jamaa nao wana mafundisho yao. Kifua kikuu huenea kwa hewa mtu akohoapo, si kwa sahani wala kikombe. Basi hakuna haja ya kumtengea vyombo mgonjwa na kumtia huzuni bure. Lililo la lazima ni kufungua madirisha, na mgonjwa kufunika mdomo akohoapo. Wote wanaoishi naye wapimwe, na watoto walio chini ya miaka 5 wasicheleweshwe, maana ugonjwa huwashika kwa ukali, nao waweza kupewa dawa ya kinga.

Mwisho, mwuguzi huandika katika kadi siku ya kurudi kupimwa makohozi. Kadi hiyo itunzwe vema, na siku hiyo isipitwe hata kama mgonjwa ameshaanza kulima shamba lake. Kupona kwa kweli huthibitishwa na waganga baada ya dawa kumalizika, wala si kwa nguvu za mwili peke yake.