Je, Wajua? Safari ya Ulaya Huanzia Dar es Salaam
Mkazi wa Kasulu, magharibi mwa Tanzania, anayejipangia safari ya Ulaya bila wakala hulazimika kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kwa kuwa viza ya Schengen, yaani kibali kimoja cha kuingia nchi 29, kilichopewa jina la kijiji cha Schengen nchini Luxembourg ulikotiwa saini mkataba wa mwaka 1985, humtaka mwombaji wa mara ya kwanza afike mwenyewe ubalozini au kwenye kituo cha maombi huko kuchukuliwa alama za vidole. Ombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, kwa kawaida kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya kuondoka, likiambatana na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Uingereza, ambayo wengi hudhani imo katika nchi hizo 29, ina viza yake.