Vali ya tangi la majitaka

Vali ya tangi la majitaka (mafundi wengi huiita valvu au koki) ni kifaa cha kufungua na kufunga mdomo wa tangi linalobeba kinyesi na maji machafu kwenye gari. Hupatikana katika karavani, yaani gari au tela lenye malazi, jiko na choo ndani yake, na pia katika magari ya kunyonya majitaka yanayohudumia miji. Vali inayovuja inaweza kumwaga njiani vimelea vya magonjwa kama kipindupindu na homa ya matumbo. Mara nyingi chanzo cha uvujaji si kuvunjika kwa vali, bali ni uchafu ulionasa au mpira uliokauka. Kwa hiyo huweza kurekebishwa bila kununua vali mpya.

Muundo

Vali ya karavani kwa kawaida ni ya bamba. Bamba jembamba la plastiki au chuma huteleza kati ya mipira miwili ya kuzuia uvujaji, likivutwa na kusukumwa kwa mpini. Vali hubanwa kati ya vipande viwili vya bomba kwa bolti nne. Bomba la tangi la choo huwa na kipenyo cha inchi 3, yaani takriban milimita 75. Lile la maji ya sinki na bafu mara nyingi huwa jembamba zaidi.

Gari la kunyonya majitaka lina tangi la chuma na pampu inayotoa hewa ndani yake. Kanieneo ikipungua, tope hupanda kupitia bomba la mpira. Vali ya kumwagia iliyo nyuma ya tangi lazima ifunge kabisa wakati huo. Isipofunga, hewa huingia: pampu inanguruma lakini tope halipandi. Hiyo ni dalili ya mapema, nayo huweza kuonekana kabla ya tone la kwanza kuanguka barabarani.

Tabora na njia ya misafara

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi kipindupindu kilivyosambaa kwa kufuata njia za misafara ya Afrika Mashariki. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya wapagazi katika njia hiyo ikapungua.

Leo nyumba nyingi za Tabora, kama katika miji mingine ya Tanzania, hutegemea vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka. Shimo likijaa huja gari la kunyonya. Gari linalodondosha majitaka hupita penye makazi, masoko na visima vifupi, na mvua zinazoanza kwa kawaida mwezi wa Novemba husukuma uchafu huo kuelekea kwenye maji.

Sababu za uvujaji

- Karatasi, kitambaa, mchanga au tope gumu limenasa kwenye mfereji wa bamba.
- Mipira imekauka, imepasuka au imelika.
- Bolti zimelegea kwa mtikisiko wa barabara mbovu.
- Waya au mpini umepinda, hivyo bamba halifiki mwisho.

Kifuniko cha nje hakitibu tatizo. Huzuia matone tu, na majitaka yaliyokusanyika nyuma yake humwagika pindi kinapofunguliwa.

Ukarabati

Kazi huanza kwa kuvaa glavu, buti na miwani, kisha tangi humwagwa mahali palipoidhinishwa na kusuuzwa.

1. Tangi hutiwa maji safi, na vali hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa ili maji yaondoe uchafu ulionasa.
2. Uvujaji ukiendelea, bolti hukazwa kiasi. Zikikazwa kupita kiasi, plastiki hupasuka.
3. Ikishindikana, tangi humwagwa tena hadi liwe tupu, vali hufunguliwa, mfereji husafishwa na mipira yote miwili hubadilishwa.
4. Bamba hupakwa grisi ya silikoni. Grisi itokanayo na petroli huvimbisha baadhi ya mipira.
5. Bolti hukazwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, kisha vali hujaribiwa kwa maji safi kabla ya gari kurudi kazini.

Hakuna mtu anayepaswa kuingia ndani ya tangi kutafuta tatizo. Hewa ya hidrojeni sulfidi inayotokana na kinyesi kinachooza inaweza kuua kwa dakika chache, na methani huweza kulipuka.

Kinga

Vali ya tangi la choo haiachwi wazi karavani ikiwa imeegeshwa, kwa sababu maji hutoka na kinyesi hubaki kikikauka juu ya bamba. Ni bora kusubiri tangi lijae angalau theluthi mbili, ili mkondo wa maji ubebe uchafu mzito. Tangi la choo humwagwa kwanza; maji ya sinki hufuata na kusafisha bomba. Baada ya kusuuza, huachwa maji kidogo ndani.

Pedi, nepi, vitambaa na mafuta ya kupikia havitupwi chooni. Kwenye gari la kunyonya, vali husuuzwa kila baada ya kumwaga, na bolti hukaguliwa baada ya safari ya barabara ya vumbi. Kubeba mipira ya akiba ni busara, hasa Tabora, iliyo zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam.

Majitaka yakimwagika, watu huzuiwa kupita, tope huzolewa na eneo hutiwa dawa ya klorini. Kumwaga kwa makusudi porini, mtoni au kwenye mtaro wa mvua ni kosa kisheria nchini Tanzania.